Programu imeona, nani anapeleka? Uchambuzi wa takwimu katika mnyororo wa dawa

Mwaka 2009 wahudumu wa zahanati na vituo vya afya katika wilaya tatu za Tanzania, Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, walianza kupokea ujumbe mfupi kwenye simu zao kila Alhamisi. Ujumbe uliuliza jambo moja: stoo kwako zimebaki dozi ngapi za dawa mseto ya malaria na sindano ngapi za kwinini? Mhudumu alifungua kabati, akahesabu, akarudisha tarakimu bila kukatwa salio, na akiwahi kujibu aliwekewa vocha. Jumatatu iliyofuata uongozi wa afya wa wilaya ulikuwa na picha nzima mezani: zahanati ipi imekauka, ipi ina dawa za kumwaga.

Mradi huo uliitwa SMS for Life, na majaribio yake yalichukua wiki 21 katika vituo 129. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa aina moja au zaidi ya dawa zilizofuatiliwa. Wiki ya mwisho vilikuwa asilimia 26. Namba hizo zimenukuliwa sana, na ni kweli zinavutia, ingawa hapakuwa na wilaya za pembeni za kulinganishia. Mimi hunivutia zaidi mchanganuo wa wilaya moja moja, ambao watu wengi huuruka. Lindi Vijijini walitoka asilimia 57 hadi sifuri. Ulanga, 87 hadi 30. Kigoma Vijijini, 93 hadi 47. Programu ileile, Alhamisi ileile, vocha ileile, na bado karibu nusu ya vituo vya Kigoma vilibaki na pengo kwenye kabati.

Ndiyo maana swali la kama programu za uchambuzi "zinaboresha mnyororo wa ugavi", yaani safari ya bidhaa kutoka kiwandani hadi kwa mtumiaji, halina jibu la ndiyo au hapana. Programu haibebi boksi. Inachofanya ni kuwahisha habari. Habari hiyo itakufaa kiasi gani, inategemea mashaka yako yamejificha wapi, na kama ikifika inamkuta mtu mwenye gari, mafuta na ruhusa ya kusaini.

Kuotea kwa hesabu

Tuyaondoe kwanza maneno makubwa. Programu ya uchambuzi, iwe ile ya mabilioni inayoendesha maghala ya Ulaya au jedwali la Excel la mfamasia wa wilaya, hukusanya habari za kilichoingia na kilichotoka, huotea kitakachotakiwa, kisha hupendekeza: agiza kiasi hiki, siku hii, au hamisha kutoka pale. Watu wa Bohari ya Dawa wana neno zuri kwa kazi hiyo ya katikati, "maoteo", na napenda kwamba neno lenyewe halijifanyi kuwa na uhakika. Mwenye duka la mtaani hufanya yote hayo kichwani. Anajua mwisho wa mwezi mafuta ya kula yatatoka kwa lita, na katikati ya mwezi yatatoka ya kupima, ya mia tano mia tano. Tatizo ni kwamba kichwa kimoja kinatosha duka moja. Kwa maelfu ya zahanati hakitoshi.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa mashirika wa Marekani, Jay Galbraith, alieleza kwamba shirika lililozungukwa na mashaka lina njia mbili. Ama lijiwekee nafasi ya kukosea, yaani akiba kubwa, muda wa ziada, watu wa ziada, ama liongeze uwezo wake wa kupokea na kuchakata habari. Akiba ni njia ya kwanza, programu ni ya pili. Wauzaji wa programu hupenda kutuambia kwamba ya pili inaifuta ya kwanza. Mara nyingine ni kweli. Hesabu moja ndogo inaonyesha ni lini si kweli, na naomba msomaji anivumilie, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Chukua zahanati ya kubuni. Kwa wastani hutumia dozi 100 kwa wiki, ila wiki nyingine hutoka 80 na nyingine 120, kwa hiyo tuseme mahitaji yake huyumba kwa dozi 20 hivi. Mzigo ukiagizwa hufika baada ya wiki 4, bila kukosea hata siku moja. Mbali na dozi 400 za kutumia wakati wa kusubiri, iweke akiba gani ya tahadhari ili katika maagizo 100, angalau 95 yaifikie kabla kabati halijawa tupu? Kanuni ya kawaida ya vitabu vya ugavi inatoa dozi 66. Boksi moja pembeni, basi.

Sasa badili kitu kimoja tu. Mzigo bado huchukua wiki 4 kwa wastani, lakini safari moja ni wiki 2 na nyingine ni wiki 6, kwa sababu ya barabara, ya malipo yaliyokwama, ya lori lililovunjika ekseli. Wagonjwa ni walewale. Akiba inayotakiwa inaruka hadi dozi 335, mara tano ya ile ya mwanzo.

Hapo anaingia muuzaji wa programu ya maoteo. Tuseme ni programu nzuri kwelikweli, inapunguza kosa la kuotea mahitaji kwa nusu, kutoka 20 hadi 10, jambo ambalo kampuni yoyote ingelitangaza kwa mabango. Akiba inashuka kutoka 335 hadi 330 hivi. Dozi tano. Lakini ukiacha maoteo yalivyo, ukatumia fedha hizo kutuliza safari ili iyumbe kwa wiki moja badala ya mbili, akiba inashuka hadi 177.

Sababu ni kwamba mashaka hayajumlishwi kama maembe sokoni. Katika kanuni ile kila shaka hupigwa mraba kwanza, kwa hiyo kubwa humeza dogo, na kuparura dogo hakuonekani. Nchini Uingereza, ambako lori la duka kubwa hufika kwa saa yake, karibu mashaka yote yako kwa mteja: jua likitoka Jumamosi watu watachoma nyama bustanini, mvua ikinyesha watataka supu. Tesco, moja ya kampuni za maduka hayo, walijenga mfumo unaosoma utabiri wa hali ya hewa na kuotea mauzo, na pale unalipa. Ukiuhamisha mfumo wa aina hiyo, kwa sifa zake zote, kwenda mahali ambapo shaka kubwa ni kama Fuso litapita, umenunua miwani kwa mtu anayeumwa goti.

Leja inayosema uongo bila mwandishi kudanganya

Kuna kosa jingine ambalo hutokea hata pale barabara ni nzuri. Chukua robo mwaka, siku 90. Zahanati imetoa dozi 200. Programu inagawanya na kupata kama dozi 67 kwa mwezi, inaagiza kulingana na hizo. Lakini katika siku hizo 90, siku 40 dawa haikuwepo. Dozi 200 zilitoka ndani ya siku 50, na mwendo huo ni dozi 120 kwa mwezi. Wagonjwa waliorudishwa hawakuandikwa popote. Wengine walikwenda kununua duka la dawa, wengine walirudi nyumbani na homa yao. Kwenye leja, siku isiyo na dawa na siku isiyo na mgonjwa zina sura moja: sifuri.

Programu isiyojua tofauti hiyo inaagiza pungufu. Pungufu linaisha mapema. Matumizi yanaonekana yameshuka, inaagiza pungufu zaidi. Mtu mzoefu angestuka njiani. Mashine haistuki, inazunguka tu duara hilo kwa kasi na kwa vituo vyote kwa pamoja. Dawa ya ugonjwa huu si akili bandia. Ni safu moja ya kujaza idadi ya siku ambazo stoo ilikuwa tupu, na mifumo ya ugavi wa dawa kama eLMIS ya Tanzania inayo safu hiyo. Tatizo ni nani anaijaza. Anaijaza muuguzi yuleyule aliyezalisha usiku, atakayechanja asubuhi, na ambaye siku ya mtu wa usafi kuugua anafagia pia. Akichoka anaweka sifuri, kwa sababu sifuri haiulizwi maswali.

Ukilitazama hilo unaelewa kwa nini vocha ya SMS for Life haikuwa pambo. Wastani wa waliojibu ulikuwa asilimia 95, na ukaguzi wa vituoni ulikuta usahihi wa takriban asilimia 94. Mradi uliuliza maswali machache, kwa simu ambayo mtu alikuwa nayo tayari, na ukamlipa kidogo kwa jasho lake. Nimeona mifumo mingine inayodai safu 40 kwa kila dawa na haimlipi mtu chochote, kisha watu wanashangaa takwimu zake.

Mjeledi

Uvumi wa upungufu nao una hesabu zake. Miaka ya 1990 kampuni ya Procter & Gamble ilichunguza maagizo ya nepi zake za Pampers na kukuta kituko: watoto wanatumia nepi kwa mwendo uleule wiki hadi wiki, maduka yanauza kwa kuyumba kidogo, wauzaji wa jumla wanaagiza kwa kuyumba zaidi, na maagizo ya kampuni yenyewe kwa watengeneza malighafi yanapanda na kushuka kama bahari ya kusi. Mkono unatikisika kidogo, ncha ya mjeledi inalia. Jina hilo la mjeledi ndilo lililobaki, na mwaka 1997 mtafiti Hau Lee na wenzake wawili walieleza chanzo chake: kila ngazi haimwoni mtumiaji, inaona oda ya ngazi iliyo chini yake, na kila mmoja anaongeza kidogo kwa ajili ya usalama wake.

Hapa programu ina msaada wa dhahiri. Kila ngazi ikiona mauzo ya dukani badala ya kuona oda tu, mjeledi unatulia. Ila kuna mtego. Watu wakisikia bidhaa itaadimika, huagiza mara mbili au kwa wauzaji watatu tofauti, wakijua atakayewahi ndiye watakayempokea na wengine watawafuta. Mwaka 2000 ndivyo walivyofanya wateja wa Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao ya Marekani iliyosifika kwa kuweza kufunga hesabu zake ndani ya siku moja. Mifumo yake iliona oda nyingi na ikaamini oda nyingi. Haikuona kwamba nyingi zilikuwa kivuli cha mteja mmoja. Soko lilipoanguka, mwaka 2001 Cisco ikafuta kwenye vitabu vyake bidhaa za thamani ya dola bilioni 2.25. Ilikuwa na takwimu mpya kuliko washindani wengi, na ilikosea kwa kasi kubwa zaidi yao.

Radi ya Albuquerque

Kisa kinachoeleza mambo haya vizuri kuliko vyote hakina programu ya ajabu ndani yake. Machi 17, 2000, radi ilisababisha moto mdogo katika kiwanda cha Philips mjini Albuquerque, New Mexico. Moto ulizimwa kwa kama dakika 10. Lakini kiwanda kile kilitengeneza chipu za simu katika vyumba ambavyo hata vumbi haliruhusiwi, na moshi na maji viliharibu mamilioni ya chipu. Wateja wakubwa walikuwa wawili, Nokia ya Finland na Ericsson ya Sweden, mahasimu wa soko moja. Siku tatu baadaye wote wawili waliarifiwa kwa simu, na wote waliambiwa kwamba uzalishaji utasimama kwa wiki moja hivi.

Nokia walikuwa wamekwishaona hata kabla ya simu hiyo kwamba namba za vipuri vinavyoingia hazikai sawa. Wakaviweka vipuri hivyo kwenye orodha ya kuangaliwa kila siku badala ya kila wiki. Ilipobainika kwamba kiwanda kitalala kwa wiki nyingi, habari ilipanda hadi kwa mkuu wa kampuni, Jorma Ollila, akaibana Philips itumie viwanda vyake vingine kuitengenezea Nokia. Vipuri vingine wakabadilisha usanifu ili vitengenezwe na kampuni tofauti. Kwa Ericsson habari ilikaa na mafundi wa chini. Wakubwa walikuja kuelewa uzito wake Aprili, wakati nafasi za viwanda vingine zimeshachukuliwa. Tena miaka michache kabla yake, ili kubana matumizi, Ericsson walikuwa wameacha utaratibu wa kuwa na muuzaji wa pili. Walipoteza mauzo ya kama dola milioni 400, na mwaka 2001 biashara yao ya simu ikaunganishwa na ya Sony.

Pande zote mbili zilipata habari ileile, siku ileile. Nokia walikuwa na njia ya kuipandisha habari juu na mlango wa pili wa kugonga. Ukisoma matangazo ya programu za ugavi leo, utaona yanaahidi "kuona mnyororo mzima". Ericsson waliona. Waliambiwa kwa simu.

Yasiyo kwenye historia

Maoteo yote hutazama nyuma. Programu hujifunza kwa yaliyotokea, na panapotokea jambo ambalo halijawahi kutokea, hujikuta kama mgeni wa mji anayeongozwa na ramani ya mji mwingine. Machi 3, 2020, India ilizuia kuuza nje malighafi na dawa 26, paracetamol ikiwemo. Hakuna mfuatano wa takwimu za miaka mitano iliyopita ambao ungenong'ona tarehe hiyo. Kuanzia Novemba 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zitokazo Ulaya kwenda Mombasa na Dar es Salaam zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Kwa bahati, dawa zetu nyingi hutoka India na huvuka Bahari ya Hindi moja kwa moja, hazipiti huko. Mtu anayejua hilo ana habari muhimu kuliko skrini inayowaka nyekundu kila mahali.

Katika hali hizo programu inayofaa ni ile inayokubali swali la "je, ikiwa". Ikiwa meli itachelewa wiki 3, wilaya zipi zitaumia kwanza? Ikiwa India itafunga tena, dawa zipi zina muuzaji mmoja tu? Haiotei lini radi itapiga. Inaonyesha palipo na paa la makuti.

Na programu yenyewe ni mzigo unaoweza kukosa kufika. FEWS NET, mfumo wa Marekani wa kutahadharisha juu ya njaa ulioanzishwa mwaka 1985 baada ya njaa ya Ethiopia, tovuti yake ilizimika Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Mafuriko na ukame havikusimama kusubiri.

Mvua na wastani

Turudi kwenye kabati la dawa. Zambia, kati ya 2009 na 2010, serikali na Benki ya Dunia walijaribu namna mbili za kusambaza dawa. Katika namna moja stoo za wilaya ziliendelea kutunza na kugawa dawa. Katika nyingine wilaya ilifanywa kituo cha kupitishia tu: zahanati iliagiza yenyewe, na boksi lake lilifungwa ghala kuu likiwa na jina lake. Ya pili ilipunguza sana siku za kukosa dawa.

Baadaye wachambuzi walizirudia takwimu zile, na uchambuzi wao uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kasoro ndani ya namna iliyoshinda. Kanuni ya kuagiza ilitumia wastani wa matumizi ya miezi iliyotangulia. Kiangazi malaria hupungua, kwa hiyo wastani unashuka, kwa hiyo zahanati inaagiza kidogo, na mzigo huo mdogo ndio unaopaswa kuivusha msimu wa mvua, wakati malaria inapanda na barabara za vijiji vingi zinakatika. Kanuni ilifanya hesabu sahihi ya msimu uliokwisha. Marekebisho yake si ya mitambo mikubwa: ipe kanuni kalenda ya mvua, iambie zahanati ipi hukatika miezi ipi, kisha iagize kwa wingi kabla.

Hilo linatugusa. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, na Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa njia ya gari. Malori yalipanga foleni pande zote mbili za maji. Ni Lindi ileile iliyofikia sifuri kwa ujumbe wa Alhamisi. Ujumbe ungeweza kutumwa vilevile siku hizo, na jibu lingefika Dar kwa sekunde.

Boksi lililokuwa limeshafika Lindi mwezi Februari halikuhitaji daraja. Lakini boksi hilo, likikaa stoo Machi nzima na Aprili nzima bila kuguswa, lingeonekana kwenye skrini hiyohiyo kama mrundikano, rangi ya njano au nyekundu, na mkaguzi angemwandikia mfamasia wa wilaya barua ya kutaka maelezo kwa nini amefungia fedha za serikali kabatini. Mfamasia aliyewahi kupokea barua ya namna hiyo, mwaka unaofuata ataagiza kulingana na wastani.